Ubao Uliokuja na Mchezo

Karani wa dirisha la tatu kwenye ofisi ya vifurushi alikata utepe wa boksi, akachungulia ndani, kisha akamtazama msusi kama mtu aliyekuta kiatu ndani ya sufuria.

"Mama, humu mna gemu."

"Mna ubao," msusi akasema. "Ubao wa mazoezi. Ametuma wifi yangu kutoka ng'ambo. Ni wa mume wangu."

Karani alikuwa binti mdogo, shati lake la kazi bado lina mikunjo ya dukani. Alitoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya kaunta: mashine nyeusi ya kuunganisha na televisheni, nyaya, ubao mweupe mpana wa kutosha miguu miwili ya mtu mzima, na diski ndani ya kasha lenye picha ya mipira ya rangi ikibingirika juu ya meza yenye mashimo. Alipomaliza akaligeuza boksi, akasoma ubavuni kwa sauti: "Mchezo pamoja na vifaa vyake." Akainua macho. "Umeona? Mchezo umetajwa kwanza. Michezo na filamu ni dirisha la tano."

Kwenye dirisha la tano alikaa mzee aliyepandisha miwani kipajini. Hakuhangaika hata kuishusha.

"Hizi nyaya huzioni? Hivi ni vifaa vya umeme. Rudi la tatu."

"La tatu wamesema ubao umekuja na mchezo."

"Waambie mchezo ndio umekuja na ubao."

Msusi alilikumbatia boksi, akarudi. Mara ya kwanza watu wa foleni walimpisha. Mara ya pili wakamwambia ashike nyuma kama wenzake. Kila aliyekuwa mle ndani alishajua tofauti ya madirisha yale mawili: kifaa hupigwa muhuri na kutoka siku hiyohiyo, mchezo hubaki stoo ukingoja kamati ya ukaguzi iutazame kama una matusi au damu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mgonjwa.

"Kamati itakaa lini?" msusi aliuliza alipofika tena dirishani.

"Itakapokaa, mama."

Mzee wa dirisha la tano, ambaye sasa alikuwa amesogea kuja kuona mzozo, aliinua ubao akaupima mkononi. "Huyo mumeo ana umri gani?"

"Amenipita mimi."

"Na anacheza gemu?"

"Mwambie shemeji akue," mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma, na foleni nzima ikacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliosimama muda mrefu.

Asubuhi ile, msusi alipokuwa anafunga kitambaa kichwani, mumewe alimwambia neno moja tu: usiseme. Hakuhitaji kuuliza asiseme nini. Majirani walikuwa wameambiwa kwamba mumewe, dereva wa lori, ameumia mgongo. Madereva wenzake nao waliambiwa mgongo. Ndani ya nyumba yenyewe lile neno halikutajwa, lilizungukwa kama shimo la barabarani. Basi msusi alipofungua mdomo pale kaunta, alikusudia kusema mazoezi, mgongo, daktari. Lakini kicheko kilikuwa bado kiko masikioni mwake, na yeye alikuwa hajala.

"Mume wangu ana kiharusi," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mguu wa kushoto haumsikii. Namshika mkono kwenda msalani kama mtoto. Huo ubao ni wa kumfundisha kusimama. Sasa niambieni huo ni mchezo wa nani."

Yule aliyesema shemeji akue aliinama akawa anatazama risiti yake pande zote mbili.

Karani aliuvuta ubao kutoka mikononi mwa mzee, bila nguvu lakini bila kumtazama pia. "Mashine na ubao, vifaa," akasema, akapiga muhuri. "Diski ni mchezo. Diski inabaki." Hakujua kama alichofanya ni sahihi. Hakuna aliyewahi kumfundisha mzigo wa namna ile. Alitaka tu yule mama asitoke mikono mitupu.

*

"Iko wapi?" dereva aliuliza kabla mkewe hajatua boksi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, amenyolewa ndevu. Msusi aliona zile ndevu, yaani kutokuwepo kwazo, na moyo ukamuuma. Alikuwa amejiandaa. Tangu mtaalamu wa mazoezi wa hospitali aseme kwamba mguu haukufa, umesahau tu, na kwamba kuna wagonjwa aliowaona wakiufundisha kwa mchezo wa kuegemea huku na huku, dereva alikuwa akijifanya hajali. Mazoezi ya kawaida alikuwa ameyakataa. Kusimama mbele ya ukuta na kuhamisha uzito kulia, kushoto, kulia, kushoto, alisema, ni kazi ya ng'ombe wa kinu cha mafuta. Huu mchezo alikuwa hautaji. Alikuwa anaungoja.

Msusi aliunganisha nyaya kwa kufuata picha. Mashine ikawaka. Ubao ukatoa taa ndogo ya kijani upande mmoja. Kwenye televisheni yakatokea maandishi: Weka diski.

"Weka basi."

"Diski wameizuia. Wamesema ubao ni kifaa, diski ni mchezo. Kamati ikikaa watatoa."

Dereva alitazama ule ubao sakafuni. Alitazama taa ya kijani. "Kwa hiyo mmeniletea mizani," akasema. "Nijue nimepungua kiasi gani."

Mama yake, ambaye nyumbani aliitwa Bibi, alikuwa anakunja nguo kitandani, akacheka kidogo akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Wakauacha ubao palepale, na jioni Bibi akawa anaweka miguu yake juu, maana sakafu ilikuwa na baridi.

*

Alikuja Turubai na mfuko wa machungwa. Alikuwa dereva mwenzake wa miaka mingi, jitu pana lililopata jina hilo kwa sababu mvua ikinyesha lilikuwa linalala juu ya mzigo wake lenyewe. Alisimama mlangoni, ameshika kofia.

"Nimesikia," akamwambia Bibi. "Shemeji yangu alikuwa kwenye foleni ya vifurushi. Kwa nini hamkusema? Sisi tunajua mgongo. Mgongo kila dereva anao."

Ndani, nyuma ya pazia, dereva alisikia kila neno. Alimpungia mama yake mkono: nimelala. Bibi, ambaye hakuwa amezoea kusema uongo kwa mtu mwenye machungwa, alisema mwanawe amelala, akaupokea mfuko, akabaki ametazama chini mpaka zile hatua nzito zilipoisha kibarazani.

Msusi alirudi kutoka saluni akakuta nyumba imenuna.

"Ulisema nini kule?" mumewe akamuuliza.

"Nilisema ukweli."

"Ukweli wangu."

"Walikuwa wananicheka mimi. Si wewe."

"Sasa wananionea huruma mimi. Si wewe." Alikuwa anaongea taratibu, kwa sababu upande mmoja wa mdomo bado ulikuwa mzito, na kuongea taratibu kulifanya kila neno liwe baya zaidi. "Na msalani pia ulitaja?"

Msusi alivua kandambili, akaenda kuosha mikono iliyokuwa inanuka mafuta ya nywele za watu, na akaosha muda mrefu.

Tangu siku hiyo dereva alizungumza na mkewe kupitia kwa mama yake. Mama, mwambie chai imepoa. Mama, mwambie nataka kulala. Naye msusi alimshika mkono kama kawaida, akampeleka, akamrudisha, akamfuta uso, na wote wawili wakawa wanatazama ukutani. Kumgusa mtu ambaye hasemi na wewe ni kazi nzito kuliko kumbeba.

*

Bibi ndiye aliyechoka kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo, na kugeuzwa simu ya kupitishia maneno ya watu wazima wawili hakukumpendeza. Siku moja msusi akiwa kazini, alichukua boksi tupu, ambalo nalo lilikuwa na picha ya ile mipira, akaliweka karibu na macho.

"Hii mipira inafanya nini?"

"Mama, achana nayo."

"Nimekuuliza inafanya nini."

Dereva akashusha pumzi. "Unasimama juu ya ubao. Ukiegemea kulia, meza inainama kulia, mpira unabingirika. Unatafuta kuuingiza kwenye shimo kabla haujaanguka."

"Basi?"

"Basi."

Bibi alikwenda jikoni. Akarudi na sinia na limau moja. Akavua bangili yake ya plastiki, nyekundu, akailaza katikati ya sinia, na limau akaliweka ukingoni. Akavuta kiti akakiweka nyuma ya mwanawe, ili akianguka aangukie pa kukaa.

"Simama. Shika dirisha kwa huo mkono mzima. Wewe egemea, mimi nitainamisha. Mimi ndiye televisheni."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Nilikuzaa, najua. Simama."

Alisimama kwa sababu kubishana kulikuwa kunachosha zaidi. Akapanda ubao: mguu wa kulia, kisha ule wa kushoto akauvuta kama mzigo. Taa ya kijani ikawaka. Bibi akasogea mbele yake na sinia kifuani. Dereva akaegemea kulia, sinia likaenda kulia, limau likabingirika, likapita bangili, likaanguka, likaingia chini ya kitanda.

"Umekosa," Bibi akasema.

"Umeinamisha sana."

"Mimi nimefuata wewe."

"Nimeegemea kidogo, wewe ukamwaga kama maji ya kuoshea vyombo."

"Basi rudia tuone."

Walirudia. Kwa upande wa kulia hakuwa na shida. Lakini limau lilipokimbilia kulia, hapakuwa na njia ya kuliokoa ila kuegemea kushoto, na kushoto palikuwa na ule mguu. Mara chache za mwanzo aliliacha lianguke. Kisha likaja polepole, likijisukasuka kuelekea ukingoni kama mlevi anayetafuta mlango, na kabla hajakumbuka kwamba hawezi, alikuwa ameegemea. Goti likatetemeka. Likakaza. Limau likageuka, likarudi katikati, likagonga bangili, likatulia nje yake kwa upana wa ukucha.

"Imeingia," dereva akasema.

"Haijaingia."

"Mama, imegusa."

"Kugusa si kuingia. Uliza mtu yeyote."

"Wewe unaiba."

Hapo ndipo msusi alipofika mlangoni. Alikuwa amesikia sauti ya mumewe tangu nje, kubwa, ya kugomba, na amekimbia akidhani kuna balaa. Alikuta mume wake amesimama, jasho linamtiririka, anamnyooshea kidole mama yake kwa mkono uliotakiwa kushika dirisha. Aliuona ule mkono hewani. Hakusema kitu, akiogopa kwamba akisema, mwenyewe naye atauona.

*

Mikono ya Bibi haikuwa ya kushika sinia kutwa. Siku ya tatu ilianza kutetemeka, na limau likawa linaanguka kwa makosa yake, na ugomvi ukawa mkubwa. "Sasa televisheni imeharibika," Bibi akasema, akamsukumia mkwewe sinia, akatoka nje kuota jua.

Wakabaki wawili. Msusi alisimama mbele ya mumewe. Sinia lilikuwa fupi, kwa hiyo walikuwa karibu, karibu kuliko walivyokuwa tangu siku ya Turubai. Ili kujua anaegemea wapi, ilimlazimu amtazame usoni.

Limau likaanza kwenda.

"Kushoto," dereva akasema.

"Kwako au kwangu?"

"Kwangu."

Wakaliokoa. Wakalipeleka karibu na bangili, likaponyoka, wakalirudisha.

"Walicheka sana?" dereva akauliza, macho yakiwa kwenye limau.

"Mwanzoni. Baadaye walinyamaza."

"Wakakuona mjinga."

"Wakaniona mtu ambaye hajala." Msusi alisogeza sinia kidogo. "Nilikosa la kusema. Nilitafuta mgongo, sikuuona. Naomba unisamehe ile ya msalani."

Mguu wa dereva ulikuwa umeanza kutetemeka lakini hakushuka. "Ile ya msalani," akasema mwishowe, "mimi ndiye nashikwa. Nikadhani aibu yote ni yangu. Sikuwahi kufikiri wewe unayenishika unarudi saluni unashika vichwa vya watu, unacheka nao, na huna pa kuisema."

Limau lilianguka. Hakuna aliyeinama kuliokota.

"Mwambie Turubai aje Jumapili," akasema. "Yule ana mikono. Atashika sinia mpaka nichoke mimi."

Turubai alikuja. Alishika sinia kwa vidole viwili kama sahani ya chai, akashindwa kabisa kuinamisha polepole, na Bibi akamfukuza kazi mara mbili.

*

Karani alikuja baada ya saa za kazi, amevaa gauni, na msusi hakumtambua mpaka alipoongea. Anwani aliitoa kwenye daftari la vifurushi. Alikataa kukaa, kisha akakaa pembeni mwa kiti.

"Bosi amepitia daftari," akasema. "Anasema mzigo mmoja haugawanywi. Kilichokuja na mchezo ni mchezo. Kila kitu kirudi stoo mpaka kamati ikae." Alikuwa anaongea akitazama mikono yake. "Mimi bado niko kwenye majaribio, mama. Nimeomba nije mwenyewe, wasije walinzi."

"Uliandika kifaa," msusi akasema. "Kwa mkono wako. Risiti ninayo."

"Ndiyo, mama. Akaniuliza, ubao huo bila diski ni nini? Nikasema kifaa. Akasema kifaa cha nini? Nikasema cha kuchezea. Akasema haya, umejijibu."

"Ni kifaa," msusi akarudia, na sauti ilianza kumpanda kama siku ile ya kaunta. "Kiti cha magurudumu ni kifaa. Gongo ni kifaa. Mtu wangu anasimama kwa sababu ya—"

"Ni mchezo," dereva akasema.

Alikuwa amesimama dirishani. Mkewe akamgeukia. "Tafadhali. Niachie hili."

"Mke wangu, siku ya kwanza kilipokuwa kifaa nilikichukia. Nilikichukia kama gongo, kama kile kiti chenye tundu. Ningekiacha hapo mpaka kiote vumbi." Alimtazama karani. "Mwambie bosi wako yuko sawa, binti. Ni mchezo. Nimeucheza, na nimeshinda."

"Hajashinda," Bibi akasema kutoka kitandani. "Anaiba. Andika na hilo."

Karani alicheka bila kutaka, halafu machozi yakamtoka, akawa anafuta kwa kiganja kama mtoto wa shule. Msusi alimtazama. Aliona mtu aliyepigiwa kelele kazini kutwa nzima kwa ajili ya mtu asiyemjua. Akachomoa nyaya yeye mwenyewe, akazikunja vizuri, akarudisha kila kitu ndani ya boksi, akamletea maji ya kunywa.

"Kamati ikikaa nitakuletea mimi mwenyewe," karani akasema. Na alileta kweli, baada ya muda mrefu, boksi zima limepigwa muhuri wa mchezo kila upande. Lakini kufikia hapo dereva alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za saluni, na mchezo wenyewe waliuona wa polepole, hauna mtu wa kugombana naye.

Jioni ile, karani alipoinua boksi, dereva alichukua shati lake la kutokea.

"Nitamsindikiza mpaka barabarani."

Hakuna aliyesema anaweza au hawezi. Msusi alimpa bega. Walishuka kibarazani, karani mbele na boksi lake, wao nyuma: mguu wa kulia, pumziko, mguu wa kushoto ukiburuta unyayo lakini ukitua. Fundi viatu aliacha nyundo hewani. Wanawake wa bombani walinyamaza, kisha mmoja akasalimia, na wengine wakafuata. Dereva aliitikia kila salamu kwa zamu yake, kwa mdomo wake mzito, bila kuruka hata moja. Barabarani walisimama na binti mpaka akapata gari, wakaagana.

Msusi alihisi uzito wa mumewe umeongezeka begani. Alijua amechoka, na kurudi kulikuwa kupanda.

"Tupite uchochoroni," akamnong'oneza. "Ni karibu, na hakuna watu."

"Hapana," dereva akasema. "Tupite palepale. Na usinikimbize. Nataka wanione vizuri."